Minyoo Wanaokula Boflo

Nilichokuwa nakitaka ni ufunguo. Ni mdogo, wa shaba, umefungwa utepe mweusi, na hufungua chumba cha sayansi cha skuli yetu ya wasichana kule Unguja. Ndani mna meza ndefu, mna kabati la machupa, na chini ya dirisha mna tangi la kioo la samaki. Wakati wa mapumziko chumba kile hufungwa. Wenzangu hukimbilia uwanjani kucheza netiboli, wengine hukaa barazani kutaniana, na hapo ndipo ninapokuwa sina pa kujiweka. Nikikaa nao watanisemesha. Nikisemeshwa ulimi hunata. Ulimi ukinata watacheka, na hawacheki kwa ubaya, lakini kucheka ni kucheka. Juu ya yote mimi ni mtoto wa Pemba, na kila nikitoa neno mbele yao hakosi mmoja wa kulirudia kwa sauti ya kuimba, kama ninavyolisema mimi.

Basi nilizoea kubaki nyuma. Nafuta ubao, napanga viti, napangusa kioo cha tangi, mpaka mwalimu aseme, "Haya, tutoke nifunge." Ningekuwa na ufunguo ule ningekaa mle ndani na samaki kila mapumziko, na hakuna ambaye angeuliza kwa nini niko peke yangu. Ningekuwa na kazi.

Ndiyo maana, siku ya kufunga skuli, mwalimu wetu wa sayansi alipotangaza kwamba atakuwa safarini likizo nzima na samaki wanataka walezi, mimi nisiyenyanyua mkono hata nikilijua jibu, niliunyanyua. Msichana mmoja wa Mjini naye akanyanyua wake, huku anacheka na jirani yake. Kila mmoja wetu alipewa pea: dume na jike, wadogo kama kidole cha mwisho, dume buluu ya kuiva, jike rangi ya jani kavu.

"Hawa hawali makombo," mwalimu alituambia. "Wanataka chakula kinachotikisika. Mkiwapa kikavu watakufa huku wanakitazama."

Akampa kila mmoja wetu mkebe wa udongo. Ndani mlikuwa na minyoo weupe, wembamba kama uzi wa kushonea, wamesongamana. Si nyungunyungu wakubwa wa kuvulia. Hawa hata urefu wa ukucha hawafiki. Akatueleza namna ya kuwafuga: sanduku la mbao, udongo mweusi wenye unyevu lakini usiorowa, kipande cha boflo, yaani mkate wa dukani, kilichochovywa maziwa kiwekwe juu yake, kisha kioo kifunike. Minyoo watapanda wenyewe kuja kula, watazaliana, na asubuhi utawakuta wamejikusanya chini ya kioo, uwachukue kwa unyoya.

"Atakayenirudishia pea yake nzima, hai," akasema, "ufunguo wa chumba hiki utakuwa wake mwaka mzima."

Msichana wa Mjini akapiga kigelegele. Mimi nikaukumbatia mkebe wangu kifuani.

Melini nilikaa juu sitahani na samaki wangu ndani ya chupa kubwa la peremende, nimelikumbatia ndani ya buibui jua lisiwapige. Kila meli ikiyumba maji yanapiga. Bibi mmoja aliyekaa ubavuni mwangu alinitazama usoni, akatazama tumbo, akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "mbona tumbo lako lapiga maji kama dafu?"

Nikafungua buibui kidogo aone. Akawaona samaki wawili wanamtazama.

"Yailahi!" akasema, na akahama mahala.

Nyumbani kwetu Jadida, mjini Wete, nilikuta msimu umepamba moto. Majamvi ya karafuu yalikuwa uani, barazani, mpaka ukingoni mwa njia. Kila alasiri magunia ya karafuu mbichi huletwa kutoka shamba, na wanawake wa nyumba pamoja na majirani hukaa kuzunguka lundo kuchambua, yaani kuzitoa karafuu kwenye makonyo yake kwa kiganja cha mkono. Mtoto wa kike akishaweza kukaa kitako mwenyewe basi ameshaweza kuchambua. Hakuna anayeulizwa kama anapenda.

Baba, ambaye huyapenda mambo ya skuli hata asipoyafahamu, alinitolea sanduku kutoka ghalani.

"Sanduku zuri hili," akasema akiligonga gonga. "Mchwa hajaligusa tangu babu yako yu hai."

Nikalijaza udongo wa uani, nikawaweka minyoo wangu, nikaweka kioo kilichovunjika cha dirisha, na juu yake nikatandika kipande cha gunia pasiingie mwanga. Nikaliweka ukumbini penye kivuli. Kisha nikaenda jikoni kumwomba Mama boflo na maziwa, na hapo Bibi, mama yake baba, akanisikia.

"Ya nini maziwa?"

"Ya minyoo, Bibi."

Bibi aliweka tasbihi chini. "Sisi twanywa chai ya rangi, madudu yanywa maziwa? Ntoto weye una akili?"

"Ni mambo ya skuli, mama," Mama akanitetea, lakini hata yeye boflo alilonikatia lilikuwa kishina cha juzi.

Siku chache za mwanzo samaki walikula minyoo waliobakia kwenye mkebe. Dume alikuwa akiwakimbilia kama mtu aliyeitwa jina lake. Nilipokwenda kufunua sanduku nichukue wengine, chini ya kioo hamkuwa na kitu. Boflo liko vile vile, limeanza kuota ukungu. Nikachimbua kwa kijiti. Nikawakuta wamelala ndani ya udongo, wamenyooka, wamelegea, kama nyuzi zilizokatwa na fundi cherehani zikaanguka chini.

Nikasema ni joto. Nikalihamishia sanduku pembeni ya mitungi ya maji, penye ubaridi. Minyoo niliokuwa nao wakawa wamekwisha, kwa hiyo nikamwomba Mama amwambie mjomba atutafutie wengine. Mjomba ni kaka yake Mama, anakaa Tumbe, huja Wete na baiskeli yake kila akipata samaki wa kuuza. Mimi mwenyewe naona haya kumwomba mtu kitu, na msichana wa rika langu kwenda kufukua migombani si jambo la kuonekana nalo. Mjomba akaja, akaegemeza baiskeli, akaniita.

"Nashikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Hebu nifahamishe. Miye natia chambo nipate samaki. Weye wanituma chambo umpe samaki. Samaki mwenyewe haliwi?"

"Haliwi, Mjomba."

"Na chambo chala boflo?"

"Ndiyo, Mjomba."

Akafikiri kidogo. "Basi hapo anayefaidi ni chambo."

Lakini alileta. Chini ya vigogo vya migomba vilivyooza alikuta minyoo weupe kama wale wa mwalimu, akanijazia kifuu kizima cha nazi. Nikawapa samaki kidogo, wengine nikawatia sandukuni na boflo jipya. Keshoye asubuhi nikafunua kioo. Hakuna. Nikachimbua. Wamenyooka.

Nikasema ni sisimizi, nikaviweka vijiguu vya sanduku ndani ya makopo ya maji. Baadaye nikakumbuka kwamba sijawahi kuona hata sisimizi mmoja karibu ya sanduku lile, na nikamshukuru Mungu kwa kunipa angalau hilo. Nikasema ni maji mengi, nikapunguza. Nikasema ni maji machache, nikaongeza. Nikasema ni boflo la kishina. Nikasema labda maziwa ya ng'ombe wa Pemba si kama ya Unguja. Bibi akasema ni jicho, maana kila anayepita hutaka kufunuliwa aone, na akalisomea sanduku akiwa ameziba pua kwa ukaya wake wa kichwani. Ningeweza kuwalisha samaki viluwiluwi vya mbu, lakini bwana wa afya alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kumwaga kila chombo chenye maji yaliyosimama, na Mama alikuwa akimwaga kabla yake.

Mjomba akaleta tena. Wakafa tena. Safari ya tatu akaja na kifuu, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayetoa mkono wa tanzia.

"Haya, maiti wako hawa."

Nilicheka mbele yake. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Alasiri ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tukikaa kuchambua, habari ya minyoo ndiyo mazungumzo. Jirani yetu mmoja, mama wa nyumba ya pili, hakuwa na huruma.

"Huyu kapelekwa skuli Unguja, karudi mchunga minyoo."

"Mchunga angekuwa na wanyama," akadakia mwingine. "Huyu achunga makaburi."

"Akija kuposwa, mwambieni bwana harusi mahari mkebe wa udongo!"

Wote wakacheka, Mama naye akacheka, na mimi nikainamisha kichwa nikachambua kwa nguvu, kiganja juu ya kiganja, mpaka mikono ikawa myeusi na inanata. Adhana ya magharibi ikikaribia mimi huinuka, nikafuta mikono kwa kitambaa, nikaenda moja kwa moja kwenye chupa la samaki, ambao ndio watu pekee nyumba nzima wasionisema. Natia mkono majini, natoa mabaki ya chakula, nawatilia wachache nilionao. Saa hiyo walikuwa wazito. Hawanijii. Jike huzama chini akakaa ubavu. Mimi nikidhani ni njaa, kwa hiyo nikimkaribia zaidi, nikimsogeza kwa kidole aelee, nikimwekea mnyoo mdomoni hasa. Asubuhi huwa kapata nafuu kidogo. Alasiri nikishughulika naye, huzidi.

Alasiri moja nilimchukua ndani ya kiganja, pamoja na maji, nimtazame. Mashavu yalikuwa hayaendi. Nilipomrudisha chupani alielea, tumbo juu.

Bibi alikuja akasimama nyuma yangu. "Samaki kafa maji!" akasema kwa mshangao wa kweli, kwani umri wake wote hajapata kuona samaki aliyefia majini na watu wanamtazama.

Nilimtoa nikamtupia paka wetu. Paka yule hula kichwa cha papa, hula ganda la ndizi. Alimnusa jike wangu, akarudi nyuma, akajipangusa pua kwa mguu, akaenda zake. Hilo nalo nililiona ni dharau. Nikakaa pale kizingitini nikiwaza ufunguo. Pea nzima, mwalimu alisema. Nilikuwa nimebakiwa na nusu ya pea, na dume mwenyewe alikuwa anapumua kama mzee anayepanda ngazi.

Baada ya hapo jino likaniuma, gego la juu, na shavu likaanza kuvimba. Mama akatwanga karafuu, akaifinyanga ndani ya pamba, akaniambia niume. "Ukae kimya mpaka ikushike." Kukaa kimya ndiyo kazi ninayoiweza. Nikaenda kukaa karibu ya sanduku langu kwa kuwa hapo hapakuwa na mtu.

Karafuu ikashika. Shavu likawa si langu. Ulimi ukawa kama kipande cha ngozi kilichosahauliwa mdomoni, mate yananitoka na sina habari. Nilijifinya shavu, sikusikia kitu. Na mkono mwingine ulikuwa unachokoa udongo kwa kijiti, kwa mazoea tu, nikawafunua minyoo wa karibuni wa Mjomba. Wamenyooka, wamelegea. Mmoja nikamgusa. Hakutikisika. Nikamgusa tena, na baadaye sana, kama mtu aliyeitwa toka mbali, akajikunja ncha.

Hakuwa amekufa. Alikuwa ameingia ganzi.

Nikalishika shavu langu, yaani lile lisilokuwa langu, nikatazama sanduku. Sanduku la ghalani. Sanduku ambalo tangu babu yu hai lilikuwa likitiwa kitu kimoja tu, na mchwa hajaligusa. Gunia nililolifunikia ni gunia la kitu hicho hicho. Udongo nimeuchukua uani, ambako makonyo huanikwa na majivu yake hutupwa. Nikanusa sanduku. Sikusikia harufu yoyote. Nikanusa gunia, sikusikia. Nikanusa viganja vyangu, vyeusi, vinanata, navyo pia havikunuka kitu. Kwetu msimu wa karafuu, karafuu haina harufu. Ni hewa tu.

Nikachukua visahani viwili, nikatia udongo wa migombani kwa Mjomba uliobaki kwenye kifuu, na kila kimoja nikakipa minyoo walio hai. Katika kimoja nikaweka karafuu mbichi chache. Sikungoja sana. Wale waliopewa karafuu walijinyoosha wakalala. Wale wengine walijichimbia chini kama kawaida yao.

Mtu angetegemea nifurahi. Nilipandwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumpa. Kila nilipoona minyoo wanakufa niliwaongezea kifuniko cha gunia nikidhani nawahifadhi. Na jike nimemuua kwa mkono wa kumhurumia. Kadiri nilivyomshughulikia ndivyo nilivyomtia karafuu majini. Paka alijua kabla yangu.

Alasiri nilikwenda kwa Mama, mdomo bado mzito, wanawake wote wameshakaa kuzunguka lundo.

"Mama, nisamehe kuchambua."

"Usamehewe kwa sababu gani? Jino?"

"Mikono yangu inaua samaki."

Kicheko kilichotoka pale kilimfanya Baba achungulie kutoka barazani. Mama wa nyumba ya pili alijipiga mapaja. "Kwa hiyo sisi tumeshaua Pemba nzima!"

Mama hakucheka. Alinitazama kwa uchovu, kiganja chake hakikusimama. "Karafuu hizo hizo ndizo zinazokupeleka skuli," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Alikuwa amesema kweli. Nikachambua na machozi yananidondokea kwenye karafuu, na hakuna aliyesema neno, jambo lililonitia haya kuliko kicheko.

Bibi ndiye aliyesema, kutoka pale kwenye kitanda chake cha kamba. "Mie nkono wangu haujagusa karafuu msimu huu." Akaunyoosha tuuone. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi. Tangu mwaka uliopita hakai tena kwenye lundo, na nilikuwa nimesahau kwamba jambo hilo humuuma. "Nitampa chakula mie. Nifundishe."

Basi ikawa hivyo. Nilichukua chungu kilichovunjika mdomo, ambacho hakijapata kutiwa chochote ila maji. Mjomba akaleta udongo wa migombani ndani ya pakacha jipya, na minyoo juu yake, akisema hii ndiyo safari ya mwisho, atakayekufa tena atazikwa bila yeye. Chungu kikawekwa chumbani kwa Bibi, mbali na ua, kimefunikwa kioo na kuti. Mimi nikakatazwa kugusa. Bibi mwenyewe ndiye aliyenikataza, na alinikataza kama polisi.

"Simama hapo hapo mlangoni. Wanuka karafuu weye."

Minyoo wakakubali. Walipanda kwenye boflo mpaka boflo likawa linatembea. Kioo kikifunuliwa wamejaa chini yake, weupe, wanang'aa, wanazongana, na Bibi aliyewaita madudu akawa anawatilia maziwa, yeye akinywa chai yake ya rangi. Anawachukua kwa unyoya wa kuku, mkono unatetemeka, anawaangusha chupani mmoja mmoja.

"Bwana, amka ule. Haya, bwana. Huyu mnono huyu."

Na dume akawa anamjia. Alirudi kuwa buluu. Bibi akiingia chumbani, yeye hukimbilia kiooni. Mimi nikichungulia kutoka mlangoni hana habari nami. Samaki niliyemvusha bahari tumboni, sasa nimsikilize akiitwa bwana na mtu mwingine! Ningependa kusema kwamba nilifurahi kumwona mzima. Nilifurahi, ndiyo. Lakini nilikuwa naona wivu kila alasiri, na viganja vyangu vyeusi.

Likizo ilipokwisha niliosha mikono kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikachubuka, nikapanda meli na dume mmoja na mkebe uliojaa minyoo. Njia nzima nilikuwa nasema na mwalimu kichwani mwangu. Kichwani mwangu huwa nasema vizuri sana.

Msichana wa Mjini alikuwa amefika kabla yangu. Pea yake nzima, hai. Mdogo wake ndiye aliyewalisha likizo nzima, alituambia hivyo mwenyewe akicheka. Yeye minyoo hata kuwatazama hawezi, na walipokwisha mkebeni mdogo wake alikuwa akiwatafutia viluwiluwi. Mwalimu aliinama akatazama ndani ya chupa langu.

"Mwenzake?"

"Kafa, Mwalimu."

"Kafa kwa nini?"

Nikamweleza, karibu na sikio lake, huku wenzangu wanaingia darasani mmoja mmoja. Sanduku, gunia, jino, visahani viwili, mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa ufunguo ule kwenye mtoto wa meza, akaushika, utepe wake mweusi unaning'inia kati ya vidole.

"Hilo ni kubwa kuliko pea nzima," akasema. "Simama mbele uwaeleze wenzako, kama ulivyonieleza mimi."

Nilijua maana yake. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake na macho yake yalikuwa kwangu. Nikasimama. Nyuso zote zikanigeukia.

"Karafuu," nikasema.

Kutoka nyuma mtu akalirudia, kwa sauti ya kuimba, polepole, kama ninavyolisema mimi. Wengine wakaziba midomo. Ulimi ukawa ule ule wa siku ya jino, kipande cha ngozi kilichosahauliwa, na safari hii hamkuwa na karafuu mdomoni ya kuisingizia. Mwalimu alingoja. Alingoja muda mrefu kuliko ambavyo mtu mwingine angengoja. Nikakaa.

"Basi," akasema kwa upole. "Ahadi ilikuwa pea nzima." Na akampa ufunguo msichana wa Mjini.

Ingekuwa imeishia hapo ningeshaizoea. Lakini samaki wote watatu wamo tangini sasa, wanataka kula, na minyoo waliopo skuli nzima ni wa mkebe wangu. Mwenye ufunguo hagusi minyoo. Siku ya kwanza alifungua mlango, akaona mkebe, akapiga ukelele. "Ingia wewe uwalishe, mimi nitakupa ufunguo." Nikadhani Mungu kanijibu. Ila yeye ufunguo ameutia shingoni, na mapumziko hayajapigiwa kengele yeye tayari yuko uwanjani, katikati ya netiboli, na hautoi mpaka aombwe.

Kwa hiyo kila siku, ili nifike mahali pa kukaa bila kusema na mtu, ni lazima kwanza nisimame mbele ya watu wote niseme.

"Unataka nini?" hunipigia kelele, na anajua.

"Ufunguo."

"Sisikii!"

"Ufunguo!"

Mpira husimama. Mtu hulirudia neno kwa sauti ya kuimba. Ufunguo huruka hewani, na mimi, ambaye sijapata kudaka kitu maishani, huuokota mavumbini. Nikifika chumbani, nikafunua kioo, nikachukua minyoo kwa unyoya, nikamwangushia dume kwanza, kengele inalia. Ninachopata mle ndani ni muda wa kufunika mkebe.

Nimekasirika kiasi kwamba siku hizi singoji hata aniulize. Nafika pembeni ya mstari, nalitoa neno lenyewe kwa Kipemba changu chote, na wakitaka kulirudia nalirudia nao, maana minyoo wanangoja boflo lao na muda ni mchache.